Chanjo, homa na tarehe ya IVF: jibu kwa dada wa Ujiji

Dada, umeuliza matatu kwa mpigo: wewe umechanjwa homa ya manjano wiki mbili zilizopita kwa safari ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, mzee wako (mumeo) mwezi uliopita alilala na korona siku nne joto likiwa 39, na mawifi wanasema chanjo ya korona inafunga kizazi. Miadi yenu ya IVF (yai kurutubishwa maabara) Dar ni mwezi ujao. Kati ya hayo, la kukukosesha usingizi ni homa ya mzee. Chanjo zina hesabu nyepesi.

Korodani hukaa nje ya mwili kwa sababu zinataka ubaridi, nyuzi mbili tatu chini ya joto letu. Mbegu hutengenezwa kwa siku 74 hivi, kisha hupita kwenye mirija kabla ya kutoka. Kwa hiyo homa ya mwezi uliopita iliunguza mbegu zitakazotoka mwezi huu na ujao. Mkipima sasa, karatasi inaweza kuandika milioni 6 kwa mililita, wakati kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni milioni 16, mkaanza kulaumiana bure. Rudieni kipimo miezi mitatu baada ya homa kuisha. Na isiwe korona tu: malaria, ambayo wala si kirusi, inafanya uharibifu uleule kwa joto lake. Huku kwetu kando ya ziwa mwanaume anaugua, anameza dawa, wiki ya pili kasahau. Mbane akutajie tarehe kabla hujakata tiketi ya treni.

Kipimo chenyewe huharibika kizembe. Akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, atumie kikopo cha maabara (kondomu za dukani zina vilainishi vinavyoua mbegu), na sampuli ifike ndani ya saa moja ikiwa mfuko wa ndani wa shati, karibu na ngozi. Isiwekwe kwenye barafu. Anayekaa mbali, kama Uvinza, asijidanganye kutolea nyumbani. Atolee palepale hospitali.

Ila kama umri wako umeshapita 38, mimi nisingeshauri kungoja miezi mitatu kibubusa. Wanaweza kudunga mbegu moja moja ndani ya kila yai, na hapo idadi ndogo si kikwazo kikubwa. Mwulize daktari wako hilo waziwazi.

Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichodhoofishwa, hivyo mimba isiingie mpaka wiki nne zipite. Soma tarehe kwenye kadi yako ya njano, hesabu siku 28, kisha hakikisha siku ya kurudishiwa kiinitete (yai lililokwisha kurutubishwa) iko mbele ya hapo. Ya surua na rubela ni vilevile. Kama kipimo kitaonyesha huna kinga ya rubela, chanja kwanza, ngoja mwezi. Ya homa ya ini B haina kirusi hai. Dozi zake ni tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita, na hakuna haja ya kusimamisha IVF ukingoja umalize. Mzee akikutwa na homa ya ini B, uliza kama kituo kina tangi la pekee la kugandishia viinitete vyenu.

Sasa mawifi. Maneno yao yalitoka kwenye dai kwamba kinga ya korona hushambulia kondo la nyuma. Limepimwa kwa wanawake waliorudishiwa viinitete: waliochanjwa, waliougua na wasio na kinga kabisa walishika mimba kwa kiwango kilekile. Hata ile ya Janssen iliyoingia nchini Julai 2021 ilitumia kirusi kisichoweza kuzaliana mwilini. Tahadhari ni moja tu: usichome chanjo siku tatu kabla au baada ya kutolewa mayai. Ukipata homa hapo, daktari hatajua ni chanjo au ni usaha unaanza pale sindano ya kutolea mayai ilipopita, na atalazimika kukutibu kama mgonjwa wa maambukizi.