Vitu Vipungue, Mitungi Ibaki

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mtindo wa kuishi na vitu vichache unawezekana katika nyumba za Nairobi, au ni anasa ya wenye nafasi. Kwangu unawezekana, na tunaouhitaji zaidi ni sisi wa vyumba vya kupanga. Ila ushauri mwingi wa mtandaoni umetungwa na watu ambao mfereji wao haukauki, na hapo ndipo unapotupotosha.

Kwa hiyo nianze na vinavyobaki. Mitungi ya lita 20 haiguswi. Mitaa mingi ya jiji hupata maji kwa mgao, siku zilizopangwa, na mwenye kubakiza mitungi miwili ili jikoni papendeze ndiye atakayebisha kwa jirani akiomba maji ya ugali. Taa ya sola nayo ibaki, na jiko la makaa la kushika zamu gesi inapoisha kabla ya mwisho wa mwezi. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima, wenye taa hizo hawakupapasa kuta.

Baada ya hapo, tuzungumzie kodi. Tuseme nyumba ni shilingi 15,000 kwa mwezi na theluthi ya sakafu imekaliwa na vitu visivyotumika. Hiyo ni shilingi 5,000 kila mwezi, 60,000 kwa mwaka, za kuwalipia kodi televisheni ya mgongo iliyonyamaza tangu mitambo ya analogi ilipozimwa mwaka 2015, sufuria za kupikia harusi, na sofa za watu saba katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Nimeingia nyumba nyingi za namna hiyo hapa mtaani Umoja. Wageni wana pa kukaa mwaka mzima, lakini mtoto wa darasa la nne anaandikia magotini kwa sababu meza imejaa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote.

Naelewa kwa nini tunaweka. Mama zetu walipata vyombo kwa chama cha kuchangiana, mwezi huu kwa huyu na mwezi ujao kwa yule, na kila sahani ilikuwa na jasho lake. Kitu kilikuwa akiba. Kwa hiyo sikubali tunapoambiwa kwamba nyumba iliyojaa ni dalili ya tamaa. Lakini akiba ni kitu unachoweza kukiuza siku mtoto anaporudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Friji inayofanya kazi ni akiba. Blenda iliyoungua mota haiuziki. Inakula kodi tu. Swali hilo moja, je, hiki kinauzika au kinatumika, limenisaidia kuliko mashauri yote ya kuuliza moyo wangu unafurahia nini.

Nguo ndizo ngumu. Katika masoko ya mitumba ya Gikomba ama Toi unaweza kupata shati kwa shilingi 50, na kwa bei hiyo mkono haukatai. Nafikiri tiba iko pale pale sokoni: nenda na orodha, na usiende siku ya kufunguliwa beli kama huna haja. Mwenye haja na sketi moja akienda kutafuta kamera, yaani zile nguo bora za kwanza kutoka kwenye beli, atarudi na mfuko mzima.

Kisha kuna suala la vitu vinakoenda, na hapa naomba wasomaji wawe makini. Ukitupa hujaondoa, umehamisha hadi Dandora, jalala lililoanza miaka ya 1970 na likatangazwa kwamba limejaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Watoto wa huko ndio wanaovuta moshi wa usafi wetu. Tangu 2022 sheria inatutaka tutenganishe taka nyumbani, lakini hata bila sheria, jiji hili lina mikono ya kupokea karibu kila kitu. Mchuuzi wa mali kwa mali anapita mtaani akibadilisha mabeseni yake kwa nguo na viatu vikuukuu. Mweleze mapema unachotaka. Kama hana, msubiri mzunguko mwingine, maana ukichukua chochote alicho nacho, utakuwa umebadilisha rundo la nguo kwa rundo la plastiki. Wa skrepu anapima chuma kwa kilo. Vitabu vya marudio vya KCPE, mtihani wa darasa la nane uliofanywa mara ya mwisho 2023, mpe mnunuzi wa karatasi. Vya hadithi mpe mtoto wa jirani.

Na tafadhali, tuache kuwapelekea wazazi vitu vibovu kila Desemba. Basi linashusha magodoro yaliyobonyea na redio zisizosema, naye mzazi kwa heshima yake hasemi neno, anafungua chumba cha nyuma na kuviweka. Piga simu kwanza: "Mama, hiki kitakufaa?" Mpe nafasi ya kukataa.

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga tumekubaliana na keateka, msimamizi wake, kuhusu nafasi iliyo chini ya ngazi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kila mwenye kitu kizima asichokihitaji anakiweka hapo: viatu vya shule vilivyombana mtoto, pasi, neti, sufuria. Anayetaka anachukua bila kuulizwa. Kilichovunjika hakiruhusiwi, na kisichochukuliwa hadi Jumapili jioni, aliyekileta anakipandisha tena kwake. Wenye ploti zingine wanaweza kuanza mwezi huu. Kinachohitajika ni ruhusa ya keateka na karatasi moja ya tangazo langoni.

Msomaji wenu, Umoja