Jibu: Mafundi wamefungua injini pale Entebbe, kisha tukaambiwa tupande. Ni salama?

Ndugu mleta uzi, umeuliza mawili. La kwanza, kama mlikuwa salama kwenye ndege ile ya Nairobi iliyochelewa baada ya mafundi kufungua injini na kuingiza "waya mweusi". La pili, kwa nini mliruhusiwa kuondoka wakati rubani mwenyewe ametangaza kuna kifaa kibovu, ndiyo maana kabini ina joto. Na hapo juu kuna mwenzetu amesema ndege mpya hazihitaji mafundi wengi kwa vile zimeshapimwa kiwandani. Mimi nimesomea ufundi wa ndege kwenye chuo cha Soroti, Uganda, na kazi yangu ni pale uwanja wa Entebbe, kwenye maegesho ya ndege, miaka mingi sasa. Nitajibu kwa ninayoyashika kwa mikono.

Waya ule ni boroskopu, yaani kamera ndogo iliyo kwenye ncha ya mrija unaopinda. Tunaupitisha kwenye vitundu maalumu vya injini ili tuyaone mapanga ya ndani bila kuibomoa injini nzima. Hapa Entebbe waya huo una kazi sana, maana uwanja umepakana na Ziwa Victoria, na ndege hai kama kaloli na yangeyange wako kila mahali. Rubani akisema amegonga kitu wakati wa kutua, au fundi akikuta damu na manyoya mdomoni mwa injini, safari inasimama. Tunazungusha injini polepole kwa mkono, panga moja moja linapita mbele ya kamera. Tukiona mkwaruzo, hatukisii. Kitabu cha mtengenezaji kinasema mkwaruzo wa kina gani, kwenye sehemu gani ya panga, unaruhusiwa. Ukiwa ndani ya kipimo, tunaandika na ndege inaondoka. Ukizidi, abiria watalala hotelini, hata wakasirike vipi.

Kwa hiyo kule kuchelewa kwenu ndiyo kazi yenyewe. Kilichowaudhi abiria kingenipa mimi amani kama ningekuwa nimekaa kiti cha jirani yako.

Sasa lile joto. Kwa maelezo yako, iliyokufa ni injini ndogo ya mkiani, tunaiita APU. Ndege ikiwa chini na injini kubwa zimezimwa, hiyo ndiyo inayotoa umeme na hewa ya kupoza kabini. Ikifa, mtatoka jasho mpaka injini kubwa ziwake, na ya kwanza itawashwa kwa mtambo wa hewa unaoletwa na gari. Zikishawaka, zinabeba kazi yote hiyo. Ndiyo maana safari fupi ya Nairobi inaruhusiwa bila APU. Kwa ndege ya injini mbili inayokwenda mbali juu ya bahari, masharti ni mengine.

Ruhusa hiyo haitoki kichwani mwa fundi wala rubani. Kila kampuni ina kitabu kinachoitwa MEL, kimeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, kinachotaja kifaa gani kinaweza kuwa kibovu, kwa masharti gani na kwa siku ngapi. Vifaa vimegawanywa kwa makundi: vya kundi B vina siku 3, C siku 10, D siku 120, siku ya kuandikwa hitilafu haihesabiwi. Kundi A lina muda wake ulioandikwa kwa kila kifaa. Siku zikiisha hakijatengenezwa, ndege inakaa chini. Tena hitilafu inaandikwa kwenye logi ya ufundi, yaani daftari la ndege, na rubani anaisoma kabla ya kuikubali ndege. Mimi nina wasiwasi zaidi na ndege ambayo logi yake haina hitilafu hata moja kwa wiki nyingi. Ndege inayofanya kazi huharibika vitu, na logi safi mno inanifanya nijiulize nani ameacha kuandika.

Hiki ndicho ningependa watu wakielewe. Usalama wa ndege umekaa kwenye maandishi na sahihi kuliko kwenye upya wake.

Mwenzetu wa "ndege mpya", ni kweli kiwandani wanazipima vikali sana. Mbawa zinatakiwa zibebe mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa angani. Boeing 777 mwaka 1995 waliivuta mbawa juu mpaka ikavunjika, na ilikatika kwenye asilimia 154 ya mzigo huo. Breki zinapimwa kwa kuisimamisha ndege yenye uzito wote ikiwa kwenye kasi ya kuruka, halafu wazimamoto wanakatazwa kuigusa kwa dakika 5 huku magurudumu yanawaka wekundu. Lakini vipimo hivyo vinathibitisha mchoro wa ndege tu. Havisemi lolote kuhusu kutu itakayoanza mwaka wa kumi chini ya jiko la kabini, pale maji ya chai yanapomwagika kila siku.

Na kila ndege inapopanda, hewa inajazwa ndani na kiwiliwili kinatanuka kidogo, ikishuka kinanywea. Kunja waya, kunjua, kunja tena, utajua mwisho wake. Kwa hiyo tunahesabu safari pamoja na saa. Ndege ndogo ya Entebbe–Nairobi–Entebbe inakusanya safari haraka kuliko Airbus A330 inayokaa angani saa tano kwenda Dubai, na ukaguzi wake mwingine unapangwa kwa hesabu hiyo.

Ukaguzi wenyewe una ngazi mbalimbali. Ule mkubwa, wa kung'oa viti na sakafu, huja baada ya miaka kadhaa na hufanyika kwenye mahanga makubwa, mfano Addis Ababa. Wa kila siku ndio wetu. Saa kumi na moja alfajiri, tochi mkononi, unaanzia puani na kuizunguka ndege yote. Msimu wa wale wadudu wa ziwa, essami, ukingo wa mbele wa mbawa unakuta umeganda mweusi. Mimi huenda moja kwa moja kwenye mirija ya pito, ile midogo karibu na pua inayopima kasi ya hewa. Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya kampuni ya Birgenair ilianguka baharini ikitoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na kuua watu 189. Mrija mmoja ulikuwa umeziba, na wachunguzi walishuku nyigu wanaojenga kwa udongo, kwa kuwa ndege ilikaa bila vifuniko. Mdudu mdogo hivyo! Ndiyo maana siku ndege ikilala, sisi hatulali kabla vifuniko vyekundu havijavalishwa. Kisha matairi, kisha breki: kuna pini ndogo inayochomoza, rubani akifunga breki ikawa sawa na ukuta wake, breki hiyo imekwisha, haina mjadala.

Mkubwa wangu wa kwanza kazini alikuwa mzee aliyetoka jeshini, wote tulimwita Afande. Kabla ya kufunga mfuniko wowote alisimama na kuuliza kwa Kiswahili chake cha kambini: "Spana ngapi imeingia? Ngapi imetoka?" Ikipungua moja, kila kitu kinafunguliwa upya, hata kama abiria wako kwenye basi.

Yeye ndiye aliyenieleza kisa cha British Airways cha Juni 1990. Bolti za kioo cha rubani zilichaguliwa kwa kulinganisha kwa macho. 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Kioo kiling'oka angani, nahodha akavutwa nje nusu mwili, wahudumu wakamshika miguu mpaka ndege ikatua. Alipona.

Kampuni moja niliyoifanyia zamani, bosi wa zamu alikuwa akituuliza "mnasaini saa ngapi?", yaani kuiruhusu ndege iondoke, kabla hatujashika hata tochi. Sikusaini. Leseni ni yangu, jina ni langu. Vijana mnaosoma Soroti sasa, mtakutana na swali hilo, jiandaeni nalo mapema.

La mwisho, kwa abiria. Tarehe 28 Aprili 1988 paa la Boeing 737 ya kampuni ya Aloha lilichanika angani Hawaii, baada ya safari 89,680 fupifupi kwenye hewa ya chumvi. Mhudumu mmoja alifariki. Uchunguzi ulionyesha kuna abiria aliyeuona ufa wakati anapanda, na hakumwambia mtu. Ukiona ufa, mafuta yanayotiririka au mfuniko uliolegea, mwambie mhudumu aliye mlangoni. Atamwambia rubani, rubani ataniita, nami nitakuja kuangalia bila kukuona msumbufu.