Gunia limekudanganya

Wewe uliyeingia maabarani juzi kusomea kuvu zinazoishi ndani ya mimea, jihadhari na vumbi kwanza. Wiki yangu ya tatu hapa Nairobi nilinunua maharagwe ya rosecoco Nyamakima, nikayaosha kwa maji, nikayapanga kwenye sahani za petri. Siku ya nne kila punje ilikuwa imevaa manyoya ya kijani. Mbio hadi kwa msimamizi: nimezipata! Akauliza, “Na maji ya kusuuzia, yameota nini?” Sikuwa nimeyapima. Kuvu zile zilikuwa za gunia.

Tangu hapo mbegu zangu huingia ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika moja (si 95, hiyo hukauka kabla haijaua), halafu dawa ya kutoa madoa ya dukani, iliyozimuliwa hadi haipokloraiti, kiambato chake kinachoua vijidudu, ibaki asilimia 1 au 2, dakika tatu. Nasuuza mara tatu kwa maji safi yaliyopitia jiko la presha. Tone la maji ya mwisho lina sahani yake. Ikiota chochote, zote hutupwa, hata kama ni Ijumaa jioni. Ila usizidishe dawa: ganda la haragwe likipasuka, unaua kiini na kuvu ya ndani pamoja, kisha unaandika “hakuna kitu”.

Kuota kwa mbegu nako kusikupumbaze. Epichloë, kuvu ya nyasi, hurithiwa kutoka mmea mama kupitia mbegu. Mbegu zikikaa stoo yenye joto na unyevu, kuvu hufa mapema huku mbegu zenyewe zikiota vizuri tu. Ziweke kwenye baridi, na upime kuvu upya kabla ya kupanda.

Kuhusu swali la wageni wote, kwamba kuvu fulani ni nzuri au mbaya, mimi siku hizi huuliza: kwa mche gani, katika hali gani? Fusarium verticillioides hukaa ndani ya mahindi bila dalili yoyote, lakini pia huozesha miche na kuacha sumu ya fumonisini kwenye punje. Beauveria bassiana, muuaji wa wadudu, watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu kule Kasarani, waliiingiza kwenye maharagwe kupitia mbegu, na nzi ambao funza wao huchimba vijia ndani ya majani wakazaana kwa shida.

Ukijaribu hivyo, kata vipande vya mzizi, shina na jani, kila kimoja na sahani yake. Mimi mara nyingi huikuta kuvu hiyo shinani, jani la juu likiwa tupu.