Waigizaji mnaofungua kampuni, masta msiiachie

Wiki iliyopita kijana mmoja, nyota kwelikweli, alikuja kunionyesha kampuni yake mpya. Nembo ipo, fulana zipo, kofia za kruu zipo. Nikamuuliza skripti ni ya nani. Kaandikiwa na rafiki yake. Kwa maandishi? Kimya. Wanangu, huyu ni wa nne mwaka huu, na roho inaniuma kwa sababu mimi nilipita hapohapo.

1. BRELA kwanza, kampuni isajiliwe, fulana baadaye. Kibali cha Bodi ya Filamu kifuatilieni kabla kamera haijatoka kwenye begi.

2. Hela ya kuediti na ya sauti msiile lokesheni.

3. Masta, yaani nakala mama ya filamu na haki zake. Hapa nitakaa kidogo.

Filamu yangu ya kwanza kama prodyuza niliishuti Bagamoyo siku 19, kwa hela ya kiwanja nilichouza Kibaha. Tulipomaliza kuediti nilidaiwa na kila mtu, hadi mama ntilie aliyetulisha. Msambazaji mmoja wa Kariakoo akaniita. Mkataba ulikuwa karatasi moja tu. Feni ikawa inaipeperusha, nikaibana kwa kalkuleta yake. Hela ilikuwa mezani, imefungwa kwa mpira. Ule mstari wa "haki zote, kwa muda wote" niliuona. Niliuona, nikajiambia filamu ya pili itarudisha. Nikatia saini.

Miaka sita baadaye nilikuwa kwenye basi la Mbeya. Tulipoiacha Mikumi kondakta akaweka filamu yangu. Abiria wakacheka palepale nilipotaka wacheke, na bibi aliyekaa kando yangu akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Jioni nikampigia yule mama aliyeigiza mama mzazi, ambaye nilimwahidi asilimia kwa mdomo. Akauliza, "Kumbe bado inaonyeshwa, baba?" Nilikosa jibu. Yeye hakuwa na senti ndani yake, na mimi pia sikuwa nayo.

Kirk Douglas, nyota wa Hollywood, alifungua kampuni yake ya Bryna mwaka 1949, akaipa jina la mama yake. Baadaye alinunua haki za riwaya ya Ken Kesey, One Flew Over the Cuckoo's Nest, iliyotoka 1962, akaicheza jukwaani Broadway mwaka 1963. Alipotaka kuifanya filamu, studio zikamkatalia mwaka baada ya mwaka. Lakini haki zilikuwa zake. Mwanawe Michael ndiye aliyezichukua, na filamu ikatoka 1975, ikabeba Oscar tano kubwa. Kirk umri ulishampita, nafasi yake akacheza Jack Nicholson. Hilo lilimuuma, najua lingeniuma mimi, ila kazi ilibaki nyumbani kwao. Karatasi ndiyo iliyoibakiza.

4. Mhasibu asiwe shemeji, wala rafiki. Huyohuyo Douglas alimwamini mtu mmoja kwa kila kitu, mpaka mkewe Anne alipotaka hesabu zikaguliwe na mtu wa nje. Ikaonekana anadaiwa kodi dola 750,000. Ana jina dunia nzima, mfukoni hana kitu.

Yule kijana sikumruhusu anionyeshe bango. Nilimpa karatasi mbili na kalamu, nikamrudisha kwa rafiki yake aliyemwandikia. Jana kanitumia picha: wametia saini wote wawili, na shahidi ni fundi wa taa.