Kesha kabla msimu haujafunguliwa

Mwezi huu wa nane, ukipita Tandahimba au Newala, huku Mtwara, alfajiri, utasikia mashine za kupulizia zikinguruma mashambani. Watu wanapuliza salfa. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukishatawala kwenye maua ya mkorosho ni shida kuurudisha nyuma, ndiyo maana mkulima mwenye akili hasubiri auone. Cha ajabu, wengi wetu tunaikinga mikorosho namna hiyo, halafu roho zetu tunaziacha hivihivi mpaka minada ya korosho ianze na fedha zianze kutembea. Hapo ndipo tunakumbuka kuomba tusitiwe majaribuni.

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, hivi tunavyoviita AMCOS, na Jumapili ni mzee wa kanisa. Kazi hizo mbili hukutana kila mwaka kuanzia mwezi wa kumi, korosho zinapoanza kuletwa ghalani. Nitakayoyasema hapa nimejifunza pale ghalani kuliko kwenye semina yoyote.

Kwanza tusemezane kuhusu kukesha. Mkesha wa Pasaka, mkesha wa mwaka mpya, maombi ya usiku kucha ya Ijumaa, yote nayapenda na nahudhuria. Lakini kuna mtu anatoka kanisani alfajiri, sauti imekauka kwa kuomba, na kabla jua halijawa kali yuko njiani na bakuli lake ananunua kangomba. Kwa msomaji asiye wa huku kusini: kangomba ni ule ununuzi wa kichochoro, korosho zinapimwa kwa bakuli badala ya mizani, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima anakabidhi korosho ghalani, anapewa stakabadhi, kisha zinauzwa mnadani) ambao Mtwara tumekuwa nao tangu 2007. Anayeuza kwa bakuli mara nyingi ni mjane aliyebanwa na ada au mtu mwenye mgonjwa ndani. Mnunuzi anajua hilo, na ndiyo faida yake ilipo. Sasa huyo alikesha, au alikosa usingizi tu?

Bwana aliposema Gethsemane, "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni," jaribu lenyewe lilikuwa njiani linakuja na taa na mienge. Petro hakukosa upendo. Alikosa maandalizi. Alipoulizwa na kijakazi penye moto wa makaa, jibu la kweli hakuwa nalo karibu, akatoa lililokuwa mdomoni.

Kwangu mimi, kukesha ni kujua jaribu langu linakuja kwa njia gani, siku gani, na limevaa sura ya nani, kisha kuamua mapema nitalijibu nini. Na langu mimi huja kwa sura ya mjomba.

Watu wa huku mmeshacheka. Wamakonde, Wamakua, Wayao, sote tunajua mjomba ni nani. Ndiye aliyesimamia jando langu, ndiye aliyenisemea nilipopeleka posa, na siku nikifa hakuna atakayechimba kaburi kabla yeye hajasema. Mtu huyo anapofika kwenye foleni na magunia yake, anatazama wapi karani amekaa, anakuja moja kwa moja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Hizi si daraja la kwanza? Andika basi, watu wananisubiri nyuma hapa."

Nikaingiza mkono guniani. Korosho ikikauka vizuri, ukizitikisa kiganjani zinalia kama kokoto. Hizi hazikulia. Zilikuwa na ubaridi, na kati yake zimo nyeusi na zilizosinyaa.

"Mjomba, magunia ya ndugu zangu anapima mwenzangu. Nilikuja kukueleza mwezi wa nane, tukakaa pale kwako barazani."

Akanitazama. "Kumbe siku ile ulikuwa unasema kweli?"

Mwenzangu akapima unyevu, akachambua kidogo, akamwambia akaanike upya na zile mbovu azitenge. Mjomba akapakia kwenye baiskeli bila kuniaga. Alininunia karibu msimu mzima, na mama akaniita kuniuliza kama nimekuwa mzungu. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Lakini angalieni: pale kwenye foleni, jua la saa saba, watu wanasukumana na mjomba amesimama mbele yako, hakuna nafasi ya kutafakari maadili. Jibu ama umekuja nalo kutoka nyumbani, ama huna. Na kwa vile niliwahi kumweleza kabla, hakuweza kusema nimemdharau mbele za watu. Alichoweza kusema ni kwamba sikutania.

Mambo mengine ya mizani ni madogo mno, hakuna mhubiri atakayeyagusa. Mizani ikisoma 62.4, karani akaandika 62, mkulima hana habari. Nusu kilo hapa, robo kule, jioni ghalani kuna magunia yasiyo na mwenyewe. Mithali inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, nasi huwa tunawazia mizani iliyofungwa jiwe chini. Mizani inaweza kuwa nzima kabisa, hadaa ikawa kwenye kalamu. Kwa hiyo mimi hugeuza kioo cha mizani, kile chenye namba, kimtazame mkulima, nikaisoma namba kwa sauti pamoja na ile nukta yake. Bibi asiyejua kusoma namshauri aje na mjukuu. Mjukuu wa darasa la nne ni mkaguzi mkali kuliko yeyote aliyewahi kututembelea.

Halafu kuna zile zinazomwagika. Gunia likipandishwa kwenye mizani, punje chache hudondoka kupitia mshono. Mchana kutwa zinajaa pale chini, na jioni anakuja mtu na ufagio. Za nani? Ukiuliza, kila mtu anakwambia ni za ghalani tu, za kununulia chai. Tulilizungumza kwenye mkutano, tukakubaliana zinazomwagika zirudi kwenye gunia lililo juu ya mizani kabla lingine halijapanda. Inachelewesha. Foleni inanung'unika, na wapo wanaoniona naleta ulokole kazini. Lakini Luka 16 haikusema aliye mwaminifu katika lililo kubwa ndiye atakuwa mwaminifu katika dogo. Imeanzia chini, kwenye lililo dogo sana.

Nikiwa na muda huwa nawaza jinsi imani yetu ilivyofika upande huu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alikuja Masasi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha kijiji. Majirani waliowazunguka hawakuwa na Biblia mikononi. Nadhani walichokuwa nacho cha kusoma ni wale watu wenyewe: wanalimaje, wanagombanaje, wanalipaje deni, wanazikaje. Hali haijabadilika sana. Majirani zangu wengi ni Waislamu, na ni haki yao kutoingia kanisani kwetu. Mahubiri yetu hawayasikii, labda yale ya spika ambayo hawakuyaomba. Wanachokiona ni sisi tukiwa ghalani, sokoni, msibani, kwenye bajaji tukibishana nauli.

Ndiyo maana Yesu alisema nuru yetu iangaze mbele ya watu, "wapate kuyaona matendo yenu mema, wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni." Watu husoma nusu ya kwanza wakaishia hapo. Nusu ya pili ndiyo inayonisumbua mimi. Kwa sababu ukiwa mwaminifu kwenye mizani, hautapita msimu mmoja kabla watu hawajaanza kusema, "Subiri, tutapimia kwa yule." Foleni yako inakuwa ndefu, ya mwenzako fupi. Yeye anaonekana mwizi hata kama hajaiba, na wewe unatembea kijijini umenyanyua kidevu. Utukufu umeishia kwako, haujafika kwa Baba. Nalichukulia hili kuwa jaribu baya kuliko korosho za kwenye ufagio, kwa vile hakuna anayekuja kukukemea, wote wanakusifia.

Dawa niliyoipata ni kuyafanya yale mazoea yawe ya ghala zima, yasiwe yangu. Kioo kugeuzwa, namba kusomwa kwa sauti, ndugu kupimwa na karani mwingine: tuliyapeleka kwenye mkutano wa wanachama yakawa utaratibu. Sasa mkulima akipimiwa haki hana sababu ya kumtaja mtu. Mwenzangu ni Mwislamu, na anausimamia utaratibu ule kuliko mimi. Kuna waumini wenzangu hawakupenda nigawane naye sifa hiyo. Nikawauliza kama shida yao ni mkulima aibiwe au aibiwe na mtu wa dini nyingine.

Ya kupita haraka. Kama unaandikisha mikorosho yako kwa ajili ya pembejeo za ruzuku, andikisha iliyopo. Mikorosho hewa haihitaji salfa. Mabibo yakianza kuiva na ulaka, ile pombe ya mabibo, kutembea, kama unajua kikombe cha kwanza kwako huwa hakiwi cha mwisho, chagua njia isiyopita pale. Simu nayo ina kona zake, kila mtu anajua yake.

Fedha inahitaji maneno zaidi. Baada ya mnada malipo yakiingia benki, mji wote unabadilika: pikipiki mpya, ngoma, madeni yanayolipwa na mengine yanayoanzishwa. Mwaminifu wa mwezi wa tisa akawa mtu mwingine kabisa mwezi wa kumi na mbili. Mimi na mke wangu tunakaa na daftari kabla ya mnada wa kwanza. Bei hatuijui, kwa hiyo hatuandiki shilingi, tunaandika mafungu: fungu la sadaka, la ada, la chakula cha masika, la shamba, na fungu moja la yeyote atakayebisha hodi na shida ya kweli. Bei ikipanda, mafungu yote yanapanda pamoja. Ikishuka, hata sadaka inashuka bila mtu kujilaumu. La muhimu ni kwamba tunapatana tukiwa bado hatuna kitu. Jaribuni kupatana fedha ikiwa mezani muone.

Na maombi? Msimu ukianza sala yangu ya asubuhi inakuwa fupi, ila ina majina. Namtajia Mungu nani ameniambia analeta mzigo leo na ninaogopa nini kwake. "Bwana, leo anakuja yule bwana anayenidai." Naona hiyo inanisaidia kuliko kuomba ushindi kwa ujumla, kwa sababu yule bwana akitokea kweli nakuwa nimeshakutana naye mara moja.

Wewe huenda huna mizani. Una duka, au una rejesta ya wagonjwa, au unasahihisha mitihani, au ni dereva wa boda pale Mtwara mjini. Mjomba wako unamjua, awe ndugu, bosi au rafiki wa tangu shule. Mwendee wiki hii. Usiende mikono mitupu, mpelekee hata kilo ya sukari, mkae mzungumze habari za watoto, halafu umweleze kwa adabu jambo usiloweza kumfanyia msimu ukifika. Usimhubirie. Akikasirika, afadhali akasirike sasa; mpaka mwezi wa kumi bado kuna muda wa kutosha wa kupatana.