Kabla hujaililia mashine ya kusoma jenomu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya maabara hapa Mbeya, swali lenu la kwanza huwa lile lile: mashine ya kusoma jenomu, yaani herufi zote za DNA ya bakteria, iko wapi, na tutaigusa lini. Mtaigusa. Kwanza jueni inajibu swali gani.

Chukulia watoto wachanga kadhaa wa wodi moja, damu zao zote zimeotesha bakteria Klebsiella pneumoniae asiyesikia antibiotiki ya seftriaksoni, na matokeo ya diski (vikaratasi vyenye dawa vya kupimia usugu) yanafanana. Je, bakteria anahama kitanda hadi kitanda, au kila mtoto kaja na wake? Diski haziwezi kukwambia, maana wawili wasio na undugu wa karibu wanaweza kuzikataa dawa zile zile. Jenomu ya Klebsiella ina herufi takriban milioni 5.5. Wakitofautiana kwa herufi chache, asili yao ni moja na ya karibuni; wakitofautiana kwa maelfu, tafuta maelezo mengine. Mpaka uko wapi? Anayekupa namba moja ya kutumia kwa kila bakteria na kila wodi, mshukuru, kisha endelea kuuliza.

Mfano ninaopenda kufundishia ni wa hospitali ya NIH (taasisi za taifa za utafiti wa afya), Bethesda, Marekani, mwaka 2011. Mgonjwa aliyekuwa na Klebsiella sugu kwa kabapenemu, antibiotiki za akiba, alitengwa, akatibiwa, akaruhusiwa. Wiki tatu baadaye akaonekana wa pili. Hatimaye wagonjwa walifika 18. 11 walifariki, 6 kati yao kwa sababu ya bakteria huyo. Jenomu zilionesha kwamba bakteria alitoka kwa yule mgonjwa wa kwanza zaidi ya mara moja, na kwamba waliogunduliwa mapema si lazima ndio walioambukizwa mapema. Wapo waliokaa na bakteria kimya, bila kugunduliwa. Lakini angalieni: hilo lilijulikana kwa sababu kumbukumbu zilisema nani alilala wapi, lini. Mti wa undugu, mchoro unaochorwa kutokana na tofauti za jenomu, peke yake hausemi nani kampa nani.

Kwa hiyo tunzeni daftari. Hospitali ya rufaa ya kanda inapokea wagonjwa kutoka Songwe, Rukwa, Njombe na kwingineko. Fomu isiyosema mgonjwa alilazwa wapi kabla ya kufika hapa inakata uzi mapema. Irudisheni wodini ijazwe, hata mkinuniwa.

Panapowachanganya wengi ni plasmidi, kipande kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu ya bakteria. Jeni kama CTX-M-15, inayovunja seftriaksoni, mara nyingi hukaa juu ya plasmidi, na bakteria hupeana plasmidi kama majirani wa Uyole wanavyopeana mbegu za viazi: leo iko kwa Klebsiella, kesho kwa E. coli. Ukilinganisha jenomu za spishi moja tu utasema hakuna mlipuko, kumbe kinachosambaa ni plasmidi. Na mashine inayosoma DNA kwa vipande vifupi haiiungi plasmidi vizuri. Hapo unahitaji usomaji wa vipande virefu.

Gandisheni bakteria mapema, kutoka kwenye otesho la kwanza, kwa gliseroli, nyuzi 80 chini ya sifuri. Bakteria akioteshwa tena na tena bila dawa anaweza kuitupa plasmidi yenyewe mnayoitafuta.

Wala msisubiri jenomu ndipo mpige simu wodini. Kutenga wagonjwa na kunawa mikono huanza kwa shaka tu. Ripoti ikitoka, ule mti wenye rangi wabakizieni wenzenu wa maabara. Muuguzi kiongozi mwandikieni ni vitanda vipi, sinki ipi ichukuliwe sampuli, na nani asihamishwe wodi kwanza.