Kasi ya Maji ya Kilindini Hupimwaje?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Iringa. Wanafunzi wangu waliwahi kuona kasi ya Ruaha Mkuu ikipimwa kwa mita yenye pangaboi. Je, bahari yenye kina cha mita 4,000, hasa pale maji baridi yanapopakana na maji ya vuguvugu, nayo hupimwa vivyo hivyo? Au joto la maji peke yake linatosha kutupa jibu?

Jibu: Mwalimu, naomba nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa sababu ndiyo iliyobeba kiini. Joto na chumvi hutoa nusu ya jibu tu. Maji ya vuguvugu ni mepesi, kwa hiyo uso wake huinuka kidogo kuliko wa maji baridi, na kwa kuwa dunia inazunguka, mteremko huo hauyateremshi maji bali huyafanya yatiririke sambamba na mpaka wenyewe. Chukua vituo viwili vilivyo umbali wa kilomita 50, karibu na latitudo 58 Kusini: iwapo wepesi umeinua safu ya maji ya kituo kimoja kwa sentimita 30 kuliko ya kingine, maji ya juu yatayazidi ya chini kwa takriban nusu mita kwa sekunde. Hiyo ni tofauti ya kasi, si kasi yenyewe. Kama maji ya sakafuni nayo yanakwenda, mwendo wao lazima uongezwe katika safu nzima.

Usiudharau mwendo huo. Katika Mlango wa Drake, kati ya Amerika ya Kusini na Antaktika, wenye upana wa kilomita 800 hivi, kosa la sentimita moja tu kwa sekunde, likienea kote katika kina cha mita 4,000, ni sawa na mita za ujazo milioni 32 kwa sekunde.

Hapa Mbeya tunaposhusha mita kutoka darajani, daraja halisogei. Mpimaji huvaa kisikizio, huhesabu mlio wa kila mzunguko wa pangaboi, kisha husogea hatua inayofuata. Meli haina utulivu huo, na mpaka wa maji huweza kupinda na kuhama kabla haijamaliza kuuvuka. Ndiyo maana, kuanzia 2007 hadi 2011, watafiti wa Marekani waliacha vifaa kwenye sakafu ya Mlango wa Drake. Kila kifaa hutuma mlio kuelekea juu na kupima muda wa mwangwi kurudi, ambao kwa kina cha mita 4,000 ni zaidi kidogo ya sekunde 5. Maji yakipata joto, sauti hukimbia zaidi na muda hupungua; kwa hiyo tofauti ya muda kati ya kifaa na kifaa hutupa ile nusu ya kwanza ya jibu. Mita 50 juu ya kifaa, kwenye waya, huelea kipimo kisicho na pangaboi, kinachosoma kasi ya maji ya sakafuni kwa sauti inayorudishwa na chembe zilizomo majini.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, yaani jumla ya maji yanayopita katika mlango huo, yalikuwa takriban milioni 173 za mita za ujazo kwa sekunde, badala ya milioni 134 zilizokuwa zimezoeleka kwa miaka mingi. Kati ya hizo, takriban milioni 45 zilitokana na mwendo wa sakafuni.